Mashindano ya bastola: yanakujenga au yanakuharibu kwa siku ya kujihami?

Barani_9mm

Salaam aleikum waungwana. Swali ni kwa wenye leseni na wanaoijua kazi hii. Mjadala wa nani anastahili kumiliki silaha tuuache kwa leo.

Nina leseni ya raia, Glock 19, na duka la jumla hapa Malindi mjini. Nafunga saa mbili usiku, mauzo ya siku yakiwa kwenye mkoba. Kuna anayenishauri nianze mashindano ya IDPA, yale ya bastola za kujihami. Anasema bila taima (saa ya kupimia sekunde) na macho ya watu mkono hauivi. Mwingine, askari mstaafu, anasema huo ni mchezo tu: unakuzoesha kukimbilia shabaha, kumwaga risasi na kusahau kujikinga, halafu siku ya siku mwili unafanya ulichouzoesha. Wote ni watu wa kuaminika.

Kutoka hapa hadi uwanja wa Kirigiti kule Kiambu ni kama kilomita 600 kwenda tu, kwa hiyo si safari ya kujaribia. Nimsikilize nani? Na nikienda, nishike lipi, niache lipi?

Kaskazi_RO

Wa aleikum salaam. Nenda. Huyo askari mstaafu ana hoja, ila hilo la kumwaga risasi ni la mchezo mwingine, si la IDPA.

Angalia hesabu zenyewe. Katika IDPA alama yako ni muda, na kila pointi unayopoteza kwenye shabaha inaongeza sekunde 1 nzima. Zamani ilikuwa nusu sekunde. Ilibadilishwa 2017, na tangu hapo papara haina faida. Risasi ya katikati haikugharimu kitu, pete inayofuata ni pointi 1, ukingoni ni 3. Ukimpiga asiye adui, sekunde 5. Ukikosea utaratibu, kwa mfano kufyatua ukiwa nje ya kinga wakati kinga ipo, sekunde 3. Mtu akiharakisha risasi akaokoa robo sekunde, kisha ikaangukia pete ya pili, amepoteza robo tatu ya sekunde kwa kujiona mwepesi. Na steji moja, yaani zoezi moja la shindano, haizidi risasi 18.

IPSC, huo mchezo mwingine wa bastola, ndiyo yenye tabia anayoilalamikia. Kule pointi zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Kwa bastola ya 9 mm ya kawaida eneo A ni pointi 5, C ni 3, D ni 1. Kwenye steji fupi, mshindani mjanja hukubali C mbili tatu ili apunguze muda, na kimahesabu yuko sawa. Kwenye duka lenye wateja, hiyo C ni risasi ya begani ambayo huenda isimsimamishe mtu, au iliyompita ikaendelea na safari. IPSC ilianzishwa 1976 kule Columbia, Missouri, Jeff Cooper akiwa mbele, na nia ya mwanzo ilikuwa bastola ya vita hasa. Vifaa vikageuka vya mbio. IDPA ikazaliwa 1996 na watu waliochoshwa na hilo, ndiyo maana wao wanadai bastola ya kawaida, ala ya kawaida na nguo inayoificha.

Sasa faida. Anayelenga karatasi peke yake, risasi moja kila sekunde tano, hajui anachoweza. Taima ikilia ndipo inapojulikana kwamba shati linanasa kwenye mpini, kidole gumba kinabonyeza kitufe cha magazini bila kutaka, na risasi ya kwanza inaanguka chini kushoto kwa sababu vidole vyote vimekunjwa pamoja na triga (kwa anayetumia mkono wa kulia). Haya hayaonekani bila shinikizo, na shinikizo la watu ishirini wanaokutazama ndilo la bei nafuu kuliko yote. Si woga wa kifo, sawa. Lakini mtu ambaye mikono inamtetemeka mbele ya refa aliyeshika taima asijidanganye kwamba mbele ya panga itatulia.

MzeeWaCasuarina

Kaskazi umetaja faida, wacha mimi nitaje makovu, maana nayo yapo.

La kwanza ni mwisho wa steji. Ukimaliza, refa anakuamuru utoe magazini, uvute slaidi (kile chuma cha juu kinachoteleza), uonyeshe chemba tupu, uvute triga bila risasi kuelekea tuta, urudishe alani. Kwa usalama wa uwanja ni utaratibu safi kabisa. Lakini mtu aliyefanya hivyo mara mia tano amefundisha mwili wake kwamba baada ya risasi ya mwisho silaha inakuwa tupu. Mtaani hakuna anayekutangazia kwamba ile ilikuwa ya mwisho. Dawa yake iko kwenye mazoezi yako ya kawaida: ukimaliza kufyatua, bastola ibaki mikononi, mdomo wake umeshuka chini kidogo, kidole nje ya triga. Tazama mikono ya uliyemfyatulia, tazama kushoto, kulia na nyuma, sogea kwenye kinga, badilisha magazini kama zimetumika nyingi, ndipo urudishe alani polepole ukiangalia mdomo wa ala usiwe na nguo ndani. Kurudisha haraka hakuna zawadi yoyote, na ncha ya shati ikiingia ndani ya kilinda triga inafyatua kama kidole.

La pili ni mbili-mbili. Shabaha nyingi hutaka risasi mbili, kwa hiyo mkono unafyatua mbili na macho yanahama hata kama mtu bado amesimama na panga. Mwenzako asimame nyuma yako ataje namba baada ya taima kulia: moja, nne, tatu, au "acha". Hiyo "acha" iwepo kila kipindi, na isikike wakati bastola imeshatoka.

La tatu, kinga. Mashindanoni watu huubana ukuta, kwa sababu kinachoangaliwa ni mguu usivuke mstari wa kinga uliowekwa chini, si umbali wako na ukuta. Simama nyuma ya kona angalau urefu wa mkono. Risasi ikigonga ukuta kwa pembe ndogo haidundi kama mpira. Hutambaa sambamba na ukuta na kumkuta aliyejibandika hapo. Na ujue ukuta wenyewe ni wa nini. Kibanda cha makuti, mlango wa mbao laini, ukuta wa fito na udongo, bodi ya tuktuk: vyote vinaficha, havizuii 9 mm. Injini ya gari na gurudumu lenye rimu, hivyo ndivyo vya kutegemea.

Na ukitaka ushahidi wa mwili kufanya ulichouzoesha, kumbukeni Newhall, California, 1970. Polisi wanne waliuawa, mmoja alikutwa na maganda ya risasi mfukoni kwa sababu uwanjani walizoeshwa kuyaokota.

TuktukYaMaweni

Mimi naona dawa ni M-Pesa. Simu haijai mkoba 😂

BintiMuyeye

Tuktuk unacheka, lakini umesema la maana kuliko sisi sote. Nitalirudia.

Shikamoo Mzee. Kwa heshima, hadithi ya Newhall kuhusu maganda mfukoni haikuthibitika. Polisi wanne waliuawa kweli, Aprili 1970, na mafunzo ya polisi yalibadilika kweli baada ya hapo. Lakini hilo la maganda lilisimuliwa madarasani miaka mingi, na ushahidi wa eneo la tukio ulipochunguzwa upya haukuliunga mkono. Hoja yako inasimama bila hadithi hiyo.

Ninachotaka kuongeza ni kwamba nyote mmezungumzia mikono. Kwenye shindano unaruhusiwa kuikagua steji kabla, unajua shabaha ziko ngapi, na asiye adui amechorwa mikono iliyo wazi kifuani. Uamuzi umeshafanywa na aliyechora steji. Siku ya kweli, uamuzi ndio karibu kazi yote: huyu ni mwizi au mteja anayekimbia? Nyuma yake kuna nani? Nikimpa mkoba ataondoka? Shindano halikufundishi hata moja kati ya haya, na halikuahidi kukufundisha.

Umbali nao. Dennis Tueller, polisi wa Salt Lake City, aliandika 1983 kwamba mtu mwenye kisu hukata futi 21, kama mita 6.4, kwa takriban sekunde 1.5. Kuchomoa bastola chini ya shati na kupiga shabaha kwa muda huohuo ni kiwango cha mtu aliyefanya mazoezi. Ndani ya duka la jumla hakuna mita 6. Kwa hiyo cha kwanza si kuchomoa. Cha kwanza ni kusogea upande, kaunta iwe kati yenu, sauti itoke. Mashindanoni mara nyingi miguu inakwenda mbele au inasimama. Kurudi kinyumenyume ukitafuta mlango ni nadra kupimwa, kwa hiyo wachache wanakufanyia mazoezi. Fanya mwenyewe.

Sheria. Penal Code kifungu cha 17 kinaupeleka ulinzi wa nafsi na mali kwenye kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza, yaani nguvu ya kiasi kinachofaa kwa hatari iliyopo, wakati ipo. Mwizi aliyekwishageuka na kupanda bodaboda na mkoba wako si hatari kwa uhai wako tena. Ukimfyatulia mgongoni, kesi inabadilika jina. Mashindanoni, shabaha inayotoweka inakuhimiza uiwahi kabla haijapotea. Hilo ndilo kovu ninaloliogopa zaidi, na halikutajwa.

Halafu dakika kumi za baadaye. Westgate, Septemba 21, 2013, raia wenye leseni pamoja na polisi waliovaa kiraia waliingia na bastola mapema wakawatoa watu wengi. Baadaye siku hiyohiyo, askari wa Recce (kikosi maalumu cha polisi) na wanajeshi walifyatuliana kwa kutotambuana, na ofisa wa Recce akafa. Wale walikuwa na sare. Wewe una kikoi na fulana. Polisi anayefika anamwona mtu ameshika bastola, basi. Kwa hiyo hatari ikiisha, bastola irudi alani kabla hawajafika, mikono ionekane, mtu mwingine apige 999 au 112 aeleze umevaa nini. Ukiamriwa ulale chini, lala. Ibara ya 49 ya Katiba inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza na kuwasiliana na wakili. Sema kwamba ulishambuliwa, onyesha mashahidi na silaha ya mshambuliaji ilipoangukia, mengine msubiri wakili.

Sasa Tuktuk. Pesa ikiingia benki au kwenye simu mchana, saa ya kufunga ikibadilika-badilika, na mkoba usibebwe na mtu yuleyule kwa njia ileile, umepunguza haja ya bastola kuliko mwaka mzima wa mashindano.

MzeeWaCasuarina

Marahaba binti yangu. La Newhall nimelipokea. La mgongoni lilipaswa kuwa la kwanza kwenye orodha yangu.

Barani_9mm

Ahsanteni sana, hasa Binti. Nina mawili zaidi. Ijumaa navaa kanzu, na sijaona steji yoyote ya watu wa kanzu. Pili, hewa ya hapa inakula chuma. Skrubu za kilengeo zimeanza kuwa za kahawia.

FundiWaShela

Kanzu kwanza. Ukweli usiopendeza: bastola iliyo kiunoni chini ya kanzu haichomoki kwa sekunde mbili. Shati unalipandisha kwa sentimita thelathini na mpini umeuona. Kanzu unaikusanya kuanzia kwenye ndara, kwa mikono miwili, huku huna mkono wa tatu wa kumzuia mtu. Wengine hupasua mfuko wa pembeni ili mkono upite hadi kiunoni. Inafanya kazi ukisimama wima. Ukikaa, mpasuo unahama na mkono unaishia kwenye kitambaa. Msikitini ni mtihani mwingine. Ala ya nyuma kidogo ya nyonga, kwenye rukuu mpini unajichora mgongoni na safu nzima ya nyuma inauona. Ala ya mbele tumboni haichoreki, lakini kwenye sijida mdomo wa bastola unakuchoma kinena. Kuionyesha silaha hadharani kunaweza kukupotezea leseni, hata kama ni kwa kuinama tu. Kwa hiyo Ijumaa ni bora ibaki kwenye kasha lililofungwa nyumbani. Kama lazima, ni bastola ndogo ndani ya ala ya mfukoni inayofunika triga yote, na mfuko huo usiwe na kitu kingine. Funguo na tasbihi viende upande wa pili.

Kutu. Slaidi ya Glock imetiwa dawa ngumu, haishiki kutu kirahisi. Vinavyoanza ni skrubu ya kilengeo cha mbele, springi za magazini na pini ndogo. Jasho la kiunoni ni baya kuliko hewa ya bahari. Kila jioni futa nje kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana ya silaha. Mara moja kwa wiki ifungue, piga brashi, kausha, kisha tone moja kwenye kila mfereji wa slaidi na moja pale nyuma ambapo upau wa triga unagusana na konekta, kile kibati kidogo cha nyuma. Basi. Tatizo la watu wa pwani si mafuta kidogo, ni mengi: wakiona kutu wanaimwagia. Mafuta yakiingia kwenye mfereji wa pini ya kufyatulia yanashika vumbi na nyuzi za nguo, pini inapoteza kasi, unavuta triga inasema "tik" na fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi) ina alama ndogo tu. Ndani ya magazini pia pakavu kabisa.

Ala ya ngozi hunywa jasho na kubaki na chumvi. Usilaze bastola humo usiku. Ile ya plastiki ngumu unaisuuza kwa maji baridi na kuikausha.

Jambo ambalo wengi hawalijui: risasi ya kujilinda ukiitoa na kuiingiza chemba kila siku, kichwa chake husukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Nafasi ya baruti inapungua, shinikizo linapanda. Isimamishe kando ya risasi mpya juu ya meza. Ikiwa fupi, hata kwa unene wa ukucha, itenge, usiifyatue.

Kaskazi_RO

Fundi kamaliza. Nirudi kwenye safari, Barani.

Jiandikishe daraja la SSP, la bastola za kawaida, Glock 19 inaingia kama ilivyotoka kiwandani. Usibadilishe triga, usinunue ala ya mbio. Nenda na ala unayovaa dukani, mshipi unaovaa dukani, na shati lako la kawaida. Utawaona watu na koti la mifuko lisilo na mikono ambalo hawalivai popote isipokuwa siku ya shindano. Watakushinda kwa sekunde kidogo, waache. Matokeo yako usiyapime kwa nafasi uliyoshika. Yapime kwa pointi ulizopoteza na asiye adui uliyempiga. Ukiwa wa thelathini bila kumpiga asiye adui hata mmoja, ulichofuata umekipata. Chukua risasi 150 hata kama shindano linahitaji 90, steji hurudiwa na risasi huanguka.

Kabla ya hapo, wiki sita za mazoezi makavu (bila risasi) nyumbani, dakika kumi, mara nne kwa wiki. Risasi zote ziwe chumba kingine, na magazini yenye risasi isiingie chumba cha mazoezi. Kagua chemba kwa jicho, kisha kwa kidole, kisha tena. Elekea ukuta mnene usio na watu nyuma yake; makuti au ukuta wa fito si mahali. Kazi yenyewe ni moja: mkono wa kushoto unakamata ncha ya shati na kuipandisha hadi kifuani, wa kulia unashika mpini hadi juu kabisa, bastola inatoka, mikono inakutana, kilengeo kinaonekana, triga inavutwa bila kilengeo kutikisika. Anza kwa sekunde tatu kwenye taima ya simu. Usishuke hadi mara kumi mfululizo ziwe safi. Ukimaliza, sema kwa sauti kwamba mazoezi yamekwisha, ondoka chumbani. Ajali nyingi za mazoezi makavu ni ile "mara moja ya mwisho" baada ya bastola kujazwa.

Ukipata siku ya risasi za kweli, mwombe mwenzako akujazie magazini na kuchanganya risasi bandia moja au mbili usikojua. Bastola ikisema "tik", mdomo ukazama chini, umeona teke unavyoliogopa, na hakuna mwalimu atakayekuonyesha wazi zaidi. Gonga kitako cha magazini, vuta slaidi hadi mwisho, iachie, endelea. Ikiwa risasi mbili zimebanana chemba, kugonga hakusaidii: funga slaidi nyuma, ng'oa magazini, vuta slaidi mara tatu, ingiza nyingine, vuta. Mashindanoni kukwama ni nadra kwa sababu bastola zimesafishwa na risasi ni nzuri, kwa hiyo hili usingoje likufundishe uwanja.

Na yale ya Binti, ya kusogea, kupaza sauti, kutoa mkoba, kurudi nyuma hadi mlangoni: yafanye dukani kwako baada ya kufunga, mikono mitupu, bila bastola kabisa. Mweke kijana wako wa duka awe mwizi. Utagundua mambo ya kaunta ambayo Kirigiti haiyajui, kwa mfano kwamba mlango wa nyuma unafunguka kwa ndani.

Barani_9mm

Unafunguka kwa ndani kweli, na kuna magunia ya sukari mbele yake. Naanza na hayo magunia kesho. Fundi, hizo skrubu nibadilishe au nisugue?

FundiWaShela

Badilisha. Ukisugua unatoa dawa iliyobaki na kutu inarudi wiki ijayo. Skrubu ya kilengeo cha mbele inataka bisibisi yake nyembamba ya pande sita na tone moja la gundi ya kushikia skrubu, ile inayofunguka kwa bisibisi ya kawaida ya mkono. Iache saa 24 kabla ya kufyatua. Bisibisi hiyo iende nayo Kirigiti, kilengeo cha mbele hulegea zaidi ya unavyodhani.